Siku Niliyomruka Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu pale Bigwa, nilimruka mama mdogo miguu, na mpaka leo sijui siku ile niiweke wapi.

Mama mdogo Skola na mama yangu ni tumbo moja. Hakuwahi kutembea. Kutwa alikaa mkekani barazani, miguu yake miembamba ameinyoosha mbele, pembeni redio kaseti aliyoinunua baba kwa kiinua mgongo, kiwanda chao cha nguo kilipouzwa. Zilikuwa enzi za ruksa: mitumba kila kona, kaseti kila kibanda, na baba yuko nyumbani hana kazi. Betri zikichoka, nilitumwa kuzianika juani, nikazichunga kuku wasizidonoe. Alipenda muziki huyo, acha! Dansi, taarabu, kwaya, hata tangazo la sabuni aliliimba lote. Na sauti alikuwa nayo. Jumapili akianza wimbo wa katikati ya masomo, hata wenye mizigo ya mboga kutoka mlimani waliitua nje ya kanisa wakasikiliza.

Bibi, mama yao, alikuwa na sheria moja: Skola asirukwe. Mtu akirukwa miguu anadumaa, na asiyejiweza anaweza kwenda kabisa. Ukijisahau ukaruka, papo hapo rudi uruke kinyume. Usiporudi, aliyerukwa hatoki uani siku tatu. Bibi aliamini Skola alipooza hivyo hivyo: mama yangu, akiwa na miaka sita, alimruka mdogo wake aliyekuwa kichanga mkekani, akakimbilia kucheza. Basi mama ndiye aliyembeba mgongoni miaka yote. Mimi leo ni muuguzi, nawadondoshea watoto matone ya polio mdomoni, najua kilichomlaza. Nilipomweleza mama, alisema tu, "Haya," akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka ule kwaya ilipata nafasi ya kurekodi kaseti mjini, na mama mdogo ndiye angeongoza nyimbo zote. Mwezi mzima hakunywa maji ya baridi.

"Nataka nijisikie redioni," aliniambia. "Hata mara moja tu."

Asubuhi ya safari pikapu ilipiga honi mlangoni. Mama mdogo akanituma kanga yake ndani. Nilitoka nayo mbio, nikamruka.

Tukatazamana.

"Rudi," alininong'oneza. "Ruka tena, upesi."

Lakini wanakwaya wawili walishafika, wakamnyanyua. Akiwa mikononi mwao alinikonyeza ninyamaze, wakampandisha garini. Jamani, nilikuwa na miaka tisa. Nilishamwona amekufa njiani. Nikamkimbilia bibi, nikamwambia nimemruka na sikurudi.

Bibi alitoka bila viatu. "Mshusheni!"

"Shikamoo bibi," mwalimu wa kwaya alisema. "Tukikosa leo hatupati nafasi nyingine."

"Marahaba. Mshusheni mwanangu. Miguu imeshakwenda, roho siwapi."

"Mama, niache," mama mdogo alisema. "Nikifa, nimekufa."

Mama yangu alikuwa amesimama pale na beseni la vyombo. Sote tulimtazama yeye. Aliinama, akaanza kusuuza vikombe.

Mwenye miguu yake angeng'ang'ania gari, wakaondoka naye. Yeye walimshusha, wakamrudisha mkekani, wakamnyoosha miguu vizuri, wakaenda zao. Hakulia. Hakunigombeza. Jioni, nilipompelekea chakula, alisema, "Najua ulinionea huruma." Nilitazama sahani.

Kaseti ilitoka, imeongozwa na dada mwingine. Mama mdogo aliisikiliza pande zote mbili, akasema, "Amejitahidi." Hawakurekodi tena, fedha za kwaya zilikwisha, mwalimu akahamishwa. Na yeye aliishi zaidi ya miaka ishirini baada ya pale, mzima tu, mpaka homa ya mapafu ilipomchukua. Bibi alikuwa ameshatangulia, akiamini kwamba siku ile tulimwokoa.

Msibani, mwanakwaya mmoja alikuwa ameihamishia kaseti ile kwenye simu. Akaipiga kwenye spika, watu wakaanza kulia. Mimi nilikuwa nagawa chai. Sikuwa na chozi, wala kitu chochote kifuani. Niliangalia tu vikombe visimwagike. Binti yangu, wa miaka saba, ambaye hakuwahi kumsikia akiimba, akanivuta gauni.

"Mama, huyo anayeimba ndiye bibi Skola?"

Nikamwambia ndiyo.

Sasa ni mkubwa, huwa anawaambia wenzake jinsi bibi yake alivyokuwa na sauti nzuri, kwamba aliisikia mwenyewe. Sijamsahihisha. Nimemwibia mama mdogo sauti yake mara mbili, na mara ya pili sikuwa mtoto.