Jina la Askelby Lilivyofika Durban

Polishi nyekundu ya sakafu, ile ya kopo inayopakwa kwa kitambaa na kusuguliwa kwa brashi, ina harufu kali ya nta na mafuta ya taa. Nikiipata harufu hiyo mahali popote, hata dukani katikati ya watu, narudi Overport, hapa Durban, kwenye nyumba ya bibi mmoja Mwingereza, majira ya baridi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama yangu yuko barazani amepiga magoti, anasugua. Mimi niko ndani, nina miaka kumi na mmoja, nimeinamia ramani ya Uingereza iliyofunika meza nzima ya kulia chakula, na mkononi nina kikopo cha pini. Kila pini ni nyumba moja yenye watu wanaoitwa Askelby. Nalieleza jina hilo kwa sababu ni langu. Limo kwenye kitambulisho changu, limeandikwa juu ya mlango wa karakana yangu ya kushona viti vya magari kule Jacobs, na wanangu wanalo, maana baba yao ni Mrundi na kwao, kama kwetu, hakuna jina la kurithishana. Na ndilo jina lililonipotezea baba.

Sitaki mtu anionee huruma. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne, Kiingereza changu nimekiokota barabarani, lakini watu kumi na mmoja wanakula kwa kazi yangu na hakuna tajiri aliyenipa hata sindano. Kanisani wananiita mzee ingawa nina kama arobaini tu, kwa sababu sisi ndio tuliotangulia Durban, kabla Wakongo hawajajaa. Habari hii nimeibeba muda mrefu. Leo naiweka chini.

Tulitoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Baba yangu aliitwa Mugisho, mama Nsimire, mimi Nabintu. Sisi ni Bashi, na kwa Bashi kila mtoto anapozaliwa hupewa jina lake mwenyewe. Hakuna jina moja la kufunika nyumba nzima. Ukiuliza ukoo utaambiwa, lakini ukoo hauandikwi nyuma ya jina la mtu. Vita vilipoingia mjini tulishuka ziwani sisi watatu, na boti ilipokuwa inajaa baba akasema anarudi kumchukua mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemshinda. Alimwambia mama, "Nendeni. Popote mtakapofika, tajeni majina yenu. Mimi nitauliza majina." Hakukuwa na mpango mwingine. Simu hatukuwa nayo, anwani hatukuwa nayo. Tulikuwa na majina matatu, basi. Tukavuka Tanzania, Zambia, Zimbabwe, na baada ya miezi minane tukaangukia Durban, kwenye flati moja mjini iliyolaza watu kumi na wanne.

Mama alikuwa na hofu moja. Katika flati ile walikuwamo watu wa kila upande wa vita, na kwetu jina linataja kabila lako kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo alinikataza nisiseme Nabintu mbele ya watu. Nikawa Jeanne, jina la ubatizo. Lake yeye wakamchagulia wengine. Alikuwa amepata kazi kwa Bibi Askelby, na kila aliporudi jioni habari zake zilikuwa za madame wake tu, Askelby amesema hivi, Askelby hali vitunguu. Wanawake wa flati wakaanza kumchokoza. "Eh, Mama Askelby amerudi. Leo muzungu wako amekula nini?" Jina likatafunwa midomoni mpaka likawa Mama Sikelebi, na kwa jina hilo Wakongo wote wa mji wakamjua. Yeye alifurahi. Alisema jina la utani halina kabila.

Siku ya kuandikisha karatasi za ukimbizi, karani mmoja mwenye haraka alimuuliza jina la ukoo kwa Kiingereza, "Surname?" Sasa mama alisoma Kifaransa cha shule ya msingi, na kwa Kifaransa surnom ni jina la utani. Alishangaa serikali inataka utani wa nini. Akaninong'oneza, "Hawa watu wanapenda mambo madogo," halafu akajibu, "Sikelebi." Karani akasema, "Eish, mama, andika mwenyewe." Mama akatoa barua ya kazi aliyoandikiwa na madame wake, akaweka kidole juu ya jina lililokuwa chini ya sahihi, na karani akanakili herufi kwa herufi. Akauliza jina la kwanza. Mama akatoa ya ubatizo, Béatrice na Jeanne. Nsimire na Nabintu hayakuulizwa, hayakuandikwa popote. Tulitoka pale na karatasi mkononi, na mpaka tunafika kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, mama alikuwa bado anacheka kwamba nchi hii inaandikisha watu kwa utani.

Bibi Askelby alikuwa na miaka sabini na kitu, mrefu, mwembamba, macho yake yanakwisha, ndiyo maana alinihitaji likizo ile ya baridi. Aliniita Jeannie. Mama aliposikia mara ya kwanza aliacha brashi akaja mlangoni na uso umebadilika. "Madame, plizi. Si jini. Mtoto wangu si jini." Ilibidi nimweleze bibi maana yake, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Baada ya hapo akaniita Jeannie mbali na mama tu.

Alikuwa amelitafuta jina lake kwa miaka thelathini, kwa vitabu vya simu na kwa barua alizowaandikia watu asiowajua. Alinifundisha kama mtu anavyofundisha dini. Askel alikuwa mtu, alisema, na ile "by" ya mwisho ni neno la watu waliofika Uingereza kwa mashua kutoka kaskazini, wageni wenye mashoka, na maana yake ni shamba. Shamba la Askel, juu kwenye bonde moja la Yorkshire, penye kondoo na ukungu. Lenyewe halipo tena, yamebaki mawe. Waliotoka pale waliondoka na jina la mahali, na kwa mamia ya miaka hawakwenda mbali. Pini zangu zilisongamana kwenye bonde lile mpaka karatasi ikatoboka. Kisha makaa ya mawe yakawaita wachache kusini. Pini mbili London. Wales hakuna. Uskoti hakuna. Na kwenye ramani ndogo ya Afrika iliyotundikwa ukutani, pini moja peke yake, Durban, ambako babu yake alikuja kufanya kazi ya reli. Kaka yake alikufa bila mtoto, yeye hakuolewa. "Nikienda mimi, Jeannie, Afrika haina tena Askelby." Alisema kama anavyosema mtu kwamba chumvi imekwisha.

Kulikuwa pia na pini za kijani kwenye miji ya makaa. Hao waliandikwa Haskelby. Zamani sana karani wa kanisa alidhani wakulima wale wanameza H, akawaongezea. Kwa miaka ishirini bibi aliwaruka kwenye vitabu bila kujua ni ndugu zake, kwa sababu ya herufi moja. Nilimwonea huruma, mimi niliyekuwa nimebeba jina zima lisilo langu na hata silifikirii. Nilimuuliza kama mtu anaweza kupotea kabisa, maana nilikuwa na wangu niliyekuwa ninamwaza. Akanijibu kwamba mwenye jina adimu haponyoki, wanaopotea ni wenye majina ya kila mtu. Nikahesabu moyoni. Mugisho ni wengi sana kwetu.

Katikati ya likizo ripoti yangu ya shule ilifika kwake kwa posta, maana sisi hatukuwa na sanduku. Akanipa bahasha nimsomee. Nikasoma: Jeanne Askelby. Akasema nirudie, nikarudia. Mama alisikia kule barazani, akaja na mikono myekundu ya polishi, akijua kazi imekwisha leo. Akajieleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, surnom, utani, karani, samahani madame. Bibi aliuliza kama aende ofisini mwenyewe, warekebishe. Mama alikataa kabla hajamaliza. Karatasi iliyotoka bila matatizo haiguswi. Tulikuwa tumewaona waliorudi kwa ajili ya herufi moja wakahangaika mwaka mzima. Bibi hakubisha. Alichukua pini mbili, akapapasa pwani ya Afrika pale ukutani, akazichoma kando ya yake. "Sasa tuko watatu," alisema. Mimi nilijivuna. Nasema ukweli, nilijivuna sana, nikatembea mpaka kwenye taxi kichwa juu.

Mwisho wa likizo mama mmoja Haskelby aliandika kutoka Uingereza kwamba Jumapili, saa nne asubuhi, atapiga simu. Bibi alitaka niwepo niandike yote atakayosema, kwa kuwa yeye hakuweza tena kuifuata kalamu. Mama alitaka kwenda kanisani, na hakuwahi kukosa hata mara moja tangu tufike. Nilimlilia tangu Alhamisi. "Mama, kanisa liko kila wiki. Haskelby ni Jumapili hii tu." Akanitazama. "Umeshakuwa muzungu, Nabi," akasema, lakini tukapanda Overport. Simu ililia. Niliandika kurasa nne. Bibi alilia, akatukatia keki, na mama akasahau kwamba alikuwa amenuna.

Asubuhi hiyohiyo, kilomita chache tu chini ya kilima, baba yangu alisimama katika kanisa letu.

Hatukujua kwa miaka mitano. Barua tatu alizotuma mama Uvira hazikujibiwa. Vita vilikuwa vimerudi, njia zimefungwa. Maduka ya simu yalipofunguliwa mjini na namba za kwetu zilipoanza kushika, mama akapata namba ya shangazi, dada yake baba. Tuliingia wote wawili kwenye kibanda. Mama akasema, "Dada, ni miye, Nsimire." Kisha shangazi akasema, "Nsimire tulishamlilia. Wewe ni nani unacheza na marehemu?" Mama ilibidi ataje alama iliyo mgongoni mwa baba ndipo akaaminiwa, na ndipo tukaambiwa. Mtu aliyetuona Lusaka alimwelekeza Mugisho Durban. Siku tatu alipanga foleni kwenye ofisi ya wakimbizi akitaja Nsimire, akitaja Nabintu, na kila mara waliangalia wakamwambia hawamo. Jumapili akaenda kwa Wakongo wenzake. Mchungaji akamsimamisha mbele na kuuliza kanisa zima nani anamjua Nsimire wa Uvira na mtoto wake Nabintu. Watu wakatazamana. Baba akashukuru, akaketi, akangoja mpaka ibada ikaisha akiangalia mlango. Aliporudi kwetu aliwaambia ndugu kwamba tulifia njiani, maana kama tungefika tungetaja majina yetu. Wakaweka matanga. Mwaka uliofuata akafa yeye. Shangazi alisema ni tumbo, au ni huzuni, wao hawakuweza kutofautisha.

Mama alikwenda moja kwa moja kwa Mama Solange, mwenye saluni, rafiki yake waliyekaa naye benchi moja kila Jumapili. Alikumbuka vizuri. "Iko mwanaume moja alikuyaka, murefu, alikuwa anauliza Nsimire fulani. Ni ile Jumapili mulikosa, mulibakiaka kwa muzungu. Nsimire, miye ningejua namna gani? Miye najua Mama Sikelebi." Mama hakumkasirikia. Aliketi sakafuni mwa saluni, juu ya nywele zilizokatwa. Aliniangalia mara moja tu, nikajua anaikumbuka ile Alhamisi. Hakuitaja mpaka anakufa. Afadhali angenipiga.

Leo ukimtafuta Askelby Durban hutapata mzungu, bibi alishazikwa zamani. Utanipata mimi na wanangu watatu. Mkubwa anasoma chuo kule Westville, na mwalimu mgeni akiita jina lake hutazama mlangoni, akingoja mtu mwingine aingie. Yeye hanielewi. "Mama, si mngeweka picha kwenye simu tu?" Ana haki ya kuuliza. Siku hizi kijana wetu akipotea mpakani, kabla ya chai ya saa nne kundi zima la kanisa limeshajua amesimama wapi na amevaa nini. Wakati ule ulikuwa na mdomo wako na masikio ya watu. Niliwahi kwenda kuomba kurudishiwa Nabintu. Wakaniambia nilete uthibitisho kwamba nimewahi kuitwa hivyo. Uthibitisho huo ulikuwa kichwani mwa Mugisho.

Mama alikufa mwaka jana. Niliagiza kwenye msalaba, kwenye bango la langoni na kwenye karatasi za ibada liandikwe Nsimire, hilo tu, kwa herufi kubwa. Siku ya mazishi watu wa kanisa walifika, wakasoma bango, wakageuza magari. Walidhani wamekosea msiba. Mama Solange, ambaye sasa anatembelea fimbo na kumbukumbu zinamtoka, alikuwa anarudi kwenye taxi nilipomkimbilia. "Mama Solange, rudi. Ni yeye. Nsimire ni yeye." Nikabaki langoni na kwenda gari kwa gari, dirisha kwa dirisha, nikisema maneno hayohayo kwa watu zaidi ya mia, mpaka sauti ikanikauka. Jumapili ile kanisani, baba alihitaji mmoja wao tu ayaseme.