Nililala Chini ya Land Rover Ili Bamba Langu Lijaribiwe

Mwaka wa 1977 nililala chali ndani ya mfereji karibu na Chakol, na Land Rover iliyojaa magunia ya kahawa ikaja juu yangu.

Sikusukumwa. Nililala mwenyewe.

Na aliyeshika usukani alikuwa Simiyu, ndugu wa bibi yangu Rael, tumbo moja.

Mimi naitwa Vitalis. Wakati huo nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Busia. Kahawa ilikuwa imepanda bei vibaya sana, na ile ya Uganda ilikuwa inavushwa usiku na mchana. Wadogo waliibeba kwa baiskeli na kwa kichwa. Wakubwa waliibeba kwa Land Rover, kupitia njia za panya ambazo zilikuwa mawe matupu.

Watu walidhani adui wa Land Rover ni askari. Hapana. Adui alikuwa jiwe.

Chini ya injini kuna sampu, bakuli la kukaa oili. Jiwe likitoboa sampu, oili inamwagika, injini inakufa papo hapo. Hapo sasa ndipo askari anakukuta umekaa.

Ndiyo maana walikuja kwangu. Nilikata chuma kinene, nikakikunja mbele kama mdomo wa mtumbwi, nikakifunga chini ya gari kiwe bamba la kukinga sampu. Likipanda jiwe, bamba linateleza, gari linaendelea.

Tena bolti zangu nilikuwa nazizamisha vichwa ndani ya chuma, jiwe lisipate pa kushika. Fundi mwingine hapa mpakani hakuwa anajisumbua hivyo.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Benta wa mtaa wa Burumba. Mama mnene, mpole wa sauti, hakuwa anatukana mtu. Watu walimwogopa kwa sababu ya huo upole.

Madereva wake walikuwa wawili. Mmoja Opio, mtu wa utani. Mwingine Simiyu, shemeji yangu. Simiyu ndiye alikuwa analeta magari gereji na kuyarudisha.

Siku moja Opio alivuka, hakurudi.

Land Rover yake ilizima upande wa pili, wa Uganda, karibu kabisa na mto. Oili yote chini. Askari wa kule wakamchukua Opio mbele ya watu waliokuwa wanalima. Hakuonekana tena. Hata nguo yake haikurudi.

Gari lenyewe lilivutwa na ng'ombe wa kulima mpaka huku. Mama Benta akaja nalo gereji yangu, na vijana wake wenye rungu.

"Fundi," akasema, "ingia chini uangalie kazi yako."

Niliingia. Nilikuta bamba limepasuka kama kopo. Chuma cha pipa, chepesi, kimepakwa rangi nyeusi. Vichwa vya bolti vimetokeza nje.

Nikatoka na jasho.

"Mama, hii si kazi yangu. Yangu ni nene. Na bolti zangu haziko hivi."

"Simiyu," akaita. "Gari hii ulitoa wapi bamba?"

Simiyu alikuwa ameegemea mlango, anachokonoa meno na kijiti.

"Kwa huyu shemeji. Nilisimama hapa akifunga."

"Simiyu, wewe niangalie," nikamwambia.

Akaniangalia. "Shemeji, kubali tu. Mtu amekufa."

Hapo ndipo Anyait, bibi ya Opio, alipita katikati ya watu na mtoto mgongoni. Alinitemea mate usoni, akasimama kungoja kama nitajipangusa.

Sikujipangusa.

Mama Benta alisubiri kelele iishe. Halafu akasema kwa ile sauti yake ndogo:

"Basi tengeneza lingine, vijana wangu wakiona. Kesho tunajaribu. Kama ni kazi nzuri, utalala chini yake bila wasiwasi. Ama unaogopa chuma chako?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo alinishika. Ningeweza kukimbia. Sigalame kwa wazazi wangu si mbali. Lakini nikikimbia, mimi ndiye niliyemuua Opio, na watoto wangu ni watoto wa muuaji.

Na tena, nisiseme uongo, nilikuwa na kiburi. Nilijua chuma changu.

"Nitalala," nikasema.

Nilifanya kazi mchana kutwa. Nilichagua kipande kizito kuliko vyote, watu wawili walikinyanyua wakilia. Nilizamisha kila bolti mpaka ukipitisha mkono husikii kitu. Nikalifunga bamba chini ya gari lingine la Mama Benta, na jua likielekea kuzama Simiyu akalichukua kulirudisha Burumba.

Nyumbani, Rael bibi yangu hakula.

"Vitalis, wacha hii maneno. Twende kwenu."

"Chuma ni changu. Simiyu ndiye ataendesha. Ndugu yako hawezi kukosa njia akanikanyaga."

Akafunika chakula. Baadaye akasema, "Simiyu akiwa mtoto alikuwa anafunga mbwa kwa kamba anawaangalia wakikosa maji." Kisha akalala akigeukia ukuta.

Asubuhi watu walijaa pale mkondo wa maji uliokauka, karibu na Chakol. Wengine walikuja na viti. Mama mmoja alikuwa anauza ndizi.

Vijana wa Mama Benta walikuwa wamechimba mfereji wa kutosha mwili wa mtu, katikati ya njia mbili za matairi. Ukingoni, karibu na pahali kifua changu kingekaa, waliacha jiwe limesimama. Bamba lazima ligonge hapo. Likiwa zuri, litateleza juu ya jiwe na kuniacha. Likiwa baya, sampu itafunguka juu yangu.

Nikavua shati. Nikalala. Udongo ulikuwa baridi.

Nilimwona Mama Benta amesimama na kitambaa chake cha kichwa, amekunja mikono. Nilimwona Anyait. Nilimtafuta Rael, sikumwona.

Injini ikanguruma. Simiyu akaanza kuja polepole kwa gia ya kwanza, magunia ya kahawa yamejaa nyuma.

Tairi zikapita huku na huku ya masikio yangu. Pua ya gari ikafunika jua.

Halafu nikaona bamba.

Vichwa vya bolti vilikuwa vimetokeza nje.

Sijui kama mnaelewa. Nililala pale nikiwa na imani na chuma changu, na chuma kilichokuja juu yangu hakikuwa changu.

Nikapiga kelele. "Simamisha! Simiyu! Si yangu hiyo!"

Nani atasikia? Injini ya dizeli iko juu ya uso wako.

Kichwa cha bolti kikashika jiwe. Bamba likajikunja, likatoa sauti kama mbuzi. Sampu ikapasuka, na oili ya moto ikanimwagikia kifuani, shingoni, upande mmoja wa uso.

Injini ikazima ikiwa juu yangu. Nilikuwa naungua, na gari halitoki.

Walilisukuma kwa mikono. Waliponitoa, jicho la kushoto lilikuwa limeenda. Ngozi ya kifua ilibaki kwa mikono ya kijana aliyenivuta, naye akaenda kando akatapika.

Watu hawakunionea huruma. Walikuwa wameona kwa macho yao. Bamba la Vitalis limepasuka.

Nilisikia Anyait akisema, bila kupaza sauti, "Ameonja."

Nilikaa hospitali ya misheni muda mrefu. Rael alikuwa anaosha vidonda, na harufu yangu mwenyewe ilikuwa inanizuia kulala.

Siku moja Mama Benta akaja kunisalimia. Alileta sukari na mkate. Nje dirishani niliona Land Rover, na Simiyu ndani, anasubiri.

Akakaa kando ya kitanda kama mama mzazi.

Nikajikaza nikasema, "Mama, bamba lile halikuwa langu. Limebadilishwa. Uliza vijana wako walioniona nikifanya kazi. Angalia bolti."

"Najua," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Niliangalia asubuhi, kabla hatujatoka Burumba. Niliinama na tochi. Nikaona ni chuma cha pipa."

Rael aliacha kukamua kitambaa.

"Uliona?" akauliza. "Kabla hajalala?"

"Niliona. Nilijua kuna mtu anauza vyuma vyangu kwa siri, sikujua ni nani. Nikamwachia Simiyu gari makusudi. Akaenda akauza hata hilo bamba lako jipya, akaweka la pipa." Akatingisha kichwa kama mtu anayesimulia ujanja wa mtoto. "Vyuma vyako vina soko, fundi. Hiyo ni sifa."

"Basi ulikuwa umeshamjua," nikasema. "Ulikuwa na haja gani na mimi kulala?"

Alifikiri kidogo. Nakumbuka alifikiri kweli, kama mtu anayetaka kujibu sawa.

"Nilitaka kuona kama ataendesha. Mtu anajua chuma ni kibovu, anajua chini ni mume wa dada yake, na bado anaingiza gia. Kazi yangu inataka mtu kama huyo. Opio alikuwa mzuri, lakini alikuwa na roho ndogo."

Halafu akasimama, akapanga kanga yake.

"Wengine sitawaambia. Simiyu ni wangu sasa. Akijua naweza kumwaga maneno, hataniibia tena. Kula mkate, ni wa leo."

Akatoka.

Rael alimfuata mpaka kwa gari. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia yote.

"Simiyu. Ulijua ni chuma cha pipa?"

Simiyu akapangusa kioo kwa kiganja.

"Nakuuliza."

"Nilijua."

"Ungesimamisha hata mbele yake. Ungesema gari limekataa."

"Rael, nilikuwa nimeanza kuja. Ile gari ina boneti kubwa. Mtu akishaingia chini ya boneti humwoni tena. Unaendesha tu."

Mama Benta akapanda, wakaenda. Rael alibaki amesimama pale kwa vumbi, mikono bado ina maji ya vidonda vyangu.

Niliporudi Busia, gereji ilikuwa kimya. Hakuna mtu aliyeleta gari. Nani atampa kazi fundi ambaye kijiji kizima kimeona chuma chake kikipasuka? Nilipojaribu kueleza, walikuwa wanaangalia uso wangu kisha wanaangalia chini. Tukahamia Sigalame, nikashika jembe.

Simiyu akawa tajiri. Alijenga nyumba ya matofali. Mwaka wa 1979 Mama Benta alipoishiwa nguvu za miguu, ni Simiyu aliyeachiwa magari yote.

Lakini kuna jambo moja Rael alifanya, na ndilo limenifanya niandike hii.

Alienda kwa Anyait, peke yake. Alimweleza yote, kwamba ni ndugu yake wa damu aliyeuza bamba la gari la Opio, akaweka pipa, na Opio akafa kwa ajili hiyo. Kwao walipopata habari kwamba amemtaja ndugu yake, baba yao alimfukuza, na Rael hakuruhusiwa kukanyaga kwao mpaka siku yeye mwenyewe alipozikwa.

Nilimuuliza Rael jibu la Anyait lilikuwa nini.

Rael alikuwa anapepeta mtama. Hakusimama.

"Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia, 'Wewe ni bibi yake. Ulitaka useme nini?'"

Basi. Mimi somo langu ni moja, na nimelilipia kwa jicho.

Mtu akikwambia uthibitishe ukweli wako kwa kuweka mwili wako chini, usilale. Ondoka hata kama watakuita muuaji. Mtu wa namna hiyo ukweli huwa anao tayari, ameshauangalia kwa tochi asubuhi. Anachotafuta kwako ni kitu kingine, na hutakijua mpaka gari likufikie.