Barafu Iliyoanikwa

Harufu ya pumba hapa mashineni, ninakokoboa mpunga wa arobaini ya bibi, imenirudisha uani kwake Kidete.

Nilikuwa nikimsimulia tuliyofundishwa shuleni. Kusini kabisa mwa dunia kuna bara lililofunikwa na barafu nene kuliko milima yetu, maji yaliyoganda hata watu hutembea juu yake, na ndege wasioruka huatamia yai juu ya miguu yao lisiguse barafu.

"Mume wangu, leo umekuwa mwongo," bibi alisema. "Maji gani hayo yambebe mtu?"

Nililia. Kesho yake baba akanunua pande la barafu Kilosa, akalifukia kwenye gunia la pumba, akaja nalo kwa treni.

Bibi aligonga kwa kidole. "Jiwe kabisa! Nisamehe, mume wangu."

Kisha, kama alivyofanya kwa kila kibichi alichotaka kukitunza, akalianika mkekani likauke, awaonyeshe majirani. Mimi nikawa nafukuza kuku.

Baba alitoka kuoga, akacheka. "Mama, hicho hakianikwi!"

Mkekani palibaki unyevu tu. Bibi akaweka kiganja pale, akatabasamu.

"Njoo ushike," akaniambia. "Bado pana baridi."