Kengele ya Mutale kwenye Barabara ya Zamani

Kwenye njia za makala, yale makaa ya kupikia, kuna adabu moja ambayo hata mtoto mdogo anaijua. Baiskeli ikishuka mlima na magunia mgongoni, hakuna breki itakayoishika. Mwenye baiskeli anapiga kengele tu, na wewe unayekwenda kwa miguu unaacha njia. Huulizi ni nani. Hugeuki kutazama. Unaingia majanini, unasimama, anapita, nawe unaendelea na safari yako.

Adalbert Chomba alikuwa na adabu hiyo kuliko watu wote wa mtaa wa Annexe. Shida yake ilikuwa moja: aliyekuwa akimpisha hakuwahi kupita.

Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa upande wa barabara ya Luano, na ndege zilipokuwa zikishuka, mabati yake yalitetemeka na wateja wakangoja kwanza ndege itue ndipo waendelee kubishana naye bei ya mlango. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Lakini Jumamosi hukumkuta. Jumamosi alivaa viatu vyake vya mpira, akafunga viazi vitamu vya kuchemsha kwenye mfuko, akachukua panga na chupa ya maji, akaenda peke yake mpaka chini ya milima ya upande wa Kipushi. Kule ndiko ilikoanzia barabara ya zamani ya kutoka Kipushi kurudi mjini, ile iliyokuwa ikitumika kabla ya lami.

Jirani yake Liévin, muuza vocha za simu, hakumwacha apite bure.

“Vieux Adal! Ule bibi yako wa mu pori, leo anakupikia nini?”

“Bukari na matembele.”

“Na siye tunaona unakonda tu! Achana naye, baba. Iko nakupunja.”

Watu walicheka, Adalbert naye akacheka, akapita. Wengine walisema anatafuta malakiti, yale mawe ya kijani ya shaba. Wengine walisema ana dawa anazochimba. Aliwaacha waseme. Angewaambiaje kwamba anamtafuta kaka yake, aliyepotea wakati baadhi yao mama zao walikuwa bado wanaruka kamba?

Mutale alikuwa mkubwa wake. Mwaka ule unga ulikosekana mjini, na vijana wenye nguvu walikuwa wakienda Kipushi kwa baiskeli kuchukua unga uliotoka ng'ambo ya mpaka. Mutale naye akaenda. Asubuhi ile, mvua ikinyesha, alipiga kengele mara nyingi mlangoni ili kumwamsha mdogo wake kwa kumchokoza tu, kisha akaondoka. Hakurudi. Walimtafuta kwenye barabara kubwa, wakamtafuta kwenye gereza la mpakani, wakamtafuta mpaka kwa jamaa za Zambia. Barabara ya zamani hakuna aliyeifikiria, kwa sababu wakati wa mvua hakuna mwenye akili aliyeipita.

Mama yao, Mama Nkandu, alikataa kilio. Watu walipoleta mikeka, aliikunja mmoja mmoja akawarudishia. “Hajakufa,” alisema. “Hajarudi tu.” Kila jioni alimwekea Mutale sahani ya bukari, ugali wa kwao, na kuifunika. Miaka ikapita, na yeye mwenyewe akafa, na siku ya kufa kwake sahani ilikuwa imefunikwa. Hakuna kichwa kilichonyolewa kwa ajili ya Mutale. Hakuna misa iliyosomwa. Na jina lake likabaki pale, kama koti lililotundikwa ukutani. Hakuna aliyeweza kulivaa, na hakuna aliyeweza kulitoa.

Adalbert alianza kupanda milimani baada ya kumzika mama. Hakujua kwa nini alichagua njia ile. Lami ilikuwa na watu wengi mno, labda. Juu kule nyasi zilikuwa zimeifunika barabara mpaka kifuani. Alilazimika kuisoma kwa miguu: pale udongo ulipokuwa mgumu, palikuwa barabara; pale ulipolainika, amepotea. Vichuguu vikubwa kama nyumba vilikuwa vimeota katikati ya njia, na juu ya vichuguu miti. Kulikuwa na uwazi mmoja ambapo shaba ilikuwa karibu na ardhi, hakuna mti uliothubutu kuota, ila vijiua vya zambarau tu. Kisha ilifuata kona yenye mikaratusi iliyopandwa na wazungu, na kuanzia hapo barabara iliteremka.

Pale kwenye mikaratusi ndipo aliposikia kengele, mara ya kwanza, nyuma yake, juu kidogo.

Miguu yake iliacha njia kabla hajafikiri. Akasimama majanini, macho chini, kama mtu mwenye adabu. Kengele ikakaribia, kring, kring, ya mtu mwenye haraka. Kisha ikanyamaza. Nyasi za barabarani hazikulala. Adalbert alingoja mpaka jasho lilipokauka, akarudi nyumbani, hakumwambia mtu. Na Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Ndivyo alivyozeeka.

Mwaka huu binti yake Keren alijifungua mtoto wa kiume. Mumewe alikuwa anafanya kazi Kolwezi, kwa hiyo Keren alijifungulia kwa baba yake. Mtoto alikuwa mzuri, mwenye nywele nyingi, lakini alilia. Alilia akinyonya, alilia akiogeshwa, na titi likimfika mdomoni aligeuza kichwa kama mtu aliyeletewa chakula cha mwingine. Waliompima walisema hana ugonjwa. Lakini mikono yake, iliyokuwa na mikunjo, ikaanza kunyooka. Keren alikuwa akimfunika asubuhi na kumfunua tena, kumtazama tu kama tumbo linapanda na kushuka.

Dada mkubwa wa Adalbert, Tantine Syntiche, akaja kutoka Kipushi na kikapu chake. Hakukaa hata kidogo.

“Huyu mutoto haiko mugonjwa,” alisema. “Iko nalilia jina. Mulimuita nani?”

“Tunamuita Ephraïm,” Keren alijibu.

“Ephraïm ni wa kanisa. Mi nauliza wa kwetu.”

“Tantine, siye tuko bakatoliki.”

“Na miye niko nani? Nilibatizwa mama yako hajazaliwa! Lete mutoto hapa.”

Alichovya kidole katika kikombe cha maji, akakigusisha kwenye midomo ya mtoto, akaanza kuwaita wafu wa ukoo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba. “Ni weye Katongo?” Mtoto alilia. “Ni weye Chomba mukubwa?” Mtoto alilia mpaka sauti ikakwama. Aliwamaliza wote. Kisha akamtazama mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni.

“Yaya, acha pale,” Adalbert alisema, kwa neno lao la kumwita ndugu mkubwa.

“Ni weye Mutale?”

Mtoto akanyamaza. Akakikamata kidole cha Syntiche kwa ufizi, akavuta pumzi moja ndefu, kama mtu anayetua mzigo.

Keren alianza kulia kwa furaha. Lakini Syntiche alikuwa amechomoa kidole chake.

“Haiwezekane,” alisema. “Jina ya muntu mwenye hatuyamulilia bado, haipewaka mutoto. Muntu huyu haiko muzima, haiko mufu. Tukimupa mutoto jina yake, naye atakuwa wa kungojea tu. Hatakula, hatakomaa. Atasimama mu kati vile, mpaka atachoka.”

“Basi tumulilie sasa!” Keren alisema.

“Tunalilia nani, mama? Tunajua iko wapi?”

Mtoto akaanza tena.

Kesho yake Keren alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, mtoto mapajani, akikamua maziwa kidogo kidogo kwenye kijiko. Adalbert alikuja akakaa kwenye kopo la rangi karibu naye. Alichora mstari ardhini kwa ncha ya panga, akaufuta. Kisha akamweleza habari ya kengele, yote, bila kumtazama usoni.

Keren hakucheka. Alitia kijiko mdomoni mwa mtoto, akangoja ameze.

“Na unafanyaka nini, Papa?”

“Ninamupisha.”

“Kila mara?”

“Ile ni adabu ya njia, mama. Kinga, ile baiskeli ya kushuka, iko na mizigo, haina breki.”

“Na ulishamuona anapita? Kengele inalia mbele yako kisha?”

Adalbert alifikiri. “Hapana. Inalia nyuma, inafika karibu na miye, inanyamaza.”

“Kila mara pale pale?”

“Pale pale. Pa kuteremuka, kisha ya mikaratusi.”

Keren alimfuta mtoto kidevu. “Basi hapiti, Papa,” alisema polepole. “Anafikaka pale tu. Na weye, kila mara unamupa mugongo.”

Adalbert alikaa na neno hilo mpaka jua lilipohama kwenye kopo lake. Hakungoja Jumamosi.

Mvua zilikuwa zimeisha karibuni na nyasi zilikuwa hazijachomwa bado. Alikata, alipita, alipanda. Kwenye uwazi wa shaba alisimama kunywa maji, na aligundua kwamba amesahau viazi nyumbani. Akaendelea. Kwenye mikaratusi upepo ulikuwa haupo. Majani yalining'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

Kring.

Miguu yake ilitaka kuingia majanini. Aliikaza. Alifundishwa tangu utoto kwamba mporini kinachokuita kutoka nyuma hakigeukiwi, hakijibiwi. Akageuka. Akasimama katikati ya barabara ya zamani, mikono wazi, mzee mzima, akitazama juu mahali pasipo na mtu.

“Mutale,” aliita. “Mi niko hapa. Siachi njia leo.”

Kengele iliteremka. Haikupunguza mwendo. Ilimjia kifuani, na akahisi harufu ya unga uliolowa. Akafumba macho. Hakuna kilichomgonga. Ila safari hii, kwa kuwa hakuwa amejificha majanini, alisikia kile ambacho miaka yote hakukisikia: kengele ilikata kona. Ilitoka barabarani upande wa kushoto, ikalia mara moja kutoka chini, mahali penye shimo, ndipo ikanyamaza.

Upande wa kushoto nyasi zilikuwa sawa na nyasi nyingine. Adalbert alizikata mpaka panga lilipogonga jiwe la kuchongwa. Ulikuwa ukingo wa mfereji wa zamani uliopitisha maji chini ya barabara. Mvua zilikuwa zimeula udongo wake wote, na chini yake palikuwa na korongo jembamba, limejaa mizizi. Alishuka kwa makalio kama mtoto.

Baiskeli ilikuwa imelala humo, rangi moja na udongo. Mti ulikuwa umepita katikati ya gurudumu la nyuma na kuendelea na maisha yake. Adalbert alipapasa chuma cha kubebea mizigo, vidole vikafika kwenye kiungo kimoja kinene, kilichopinda, kibaya. Alikijua. Alikichomelea mwenyewe, wakati bado anajifunza kazi, na Mutale aliwaita majirani waje waone. “Huyu mutoto aliunga chuma ao alipanda muhogo?” Walicheka siku nzima. Lakini Mutale hakukipeleka kwa fundi mwingine. Aliendesha nacho hivyo hivyo, na kiungo kile hakikuwa kimekatika hata sasa.

“Ilishika, yaya,” Adalbert alisema. “Ona. Ilishika.”

Alichokiona chini ya usukani, kati ya mizizi, baadaye hakumweleza Keren, na Keren hakuuliza. Alikifunika kwa shati lake na kwa mawe. Kengele ilikuwa bado kwenye usukani. Aliifungua. Ilikuwa imejaa udongo mgumu na mayai ya mchwa, ulimi wake umeshikana na kutu. Aliitikisa. Haikutoa sauti yoyote. Isingeweza kutoa sauti tangu zamani sana.

Kilio kilifanyika. Syntiche na katekista walipanda naye mpaka korongoni, wakamzika Mutale pale alipolala, na kila mmoja akatupia tawi bichi. Nyumbani mikeka ilitandikwa, ile Mama Nkandu aliyokuwa ameirudisha, au binti za mikeka hiyo. Adalbert alinyolewa. Liévin alifunga kibanda chake, akakaa na wanaume kimya siku nzima bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo watu walilishangaa kuliko yote. Misa ikasomwa. Kisha Syntiche akachovya kidole majini.

“Mutale,” alisema, na safari hii hakuuliza.

Mtoto alinyonya titi la kulia, akanyonya la kushoto, akatafuta la kulia tena. Keren aliuma kitambaa chake ili asipige kelele na kumshtua.

Tangu siku ile Adalbert anamwita mjukuu wake “Yaya”, kama inavyopasa, na anampa heshima ya mkubwa. Yaya amenenepa. Mikunjo ya mikono imerudi. Mara nyingine babu akimbeba anamtazama usoni kwa muda mrefu kupita kiasi, na Keren humchukua mtoto wake taratibu, akisingizia kwamba ni saa ya kulala.

Juzi Adalbert alipanda tena. Alisema anakwenda kuona kama kaburi linahitaji kufyekwa. Nyasi zilikuwa zimekauka, barabara ilionekana mbali, nyekundu, nyeupe mahali pengine. Alifika kwenye mikaratusi. Alisimama, akasikiliza. Akatembea polepole kwenye mteremko, akasikiliza tena. Ndege mmoja tu, na pumzi yake mwenyewe.

Miaka yote watu walimcheka kwamba anatembea peke yake. Kumbe hakuwahi. Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Miguu yake iliacha njia yenyewe. Akasimama majanini, macho chini, akampisha mtu aliyekuwa nyumbani, mgongoni mwa mama yake, amelala.