Sakafu ya Mgeni Rasmi

Wiki iliyopita, kwenye kituo kimoja kidogo cha treni upande wa Makambako, nilikuta abiria wamejibanza ukutani, mvua na upepo vinawapiga, na chumba cha kusubiria kimefungwa kwa kufuli.

Bibi mmoja kutoka Uwemba, mjukuu mgongoni, alimwendea mhudumu aliyekuwa akiota moto wa jiko ofisini.

"Kamwene, mwanangu. Tufungulie, mtoto anatetemeka."

"Sakafu tumeshaing'arisha, bibi, na ninyi mna matope. Wiki ijayo tuna mgeni rasmi."

 Bibi aliinama, akavua mabuti yake, akayapanga mlangoni kama tufanyavyo huku kwetu tukiingia nyumba ya watu. Sote tukavua. Tukasimama pekupeku kwenye saruji ya baridi, tukiamini kwamba mtu akishaona viatu vimepangwa mlangoni kwake, hana neno jingine ila karibu.

Mhudumu alichungulia. Akatazama mabuti, akatutazama miguu.

"Na miguu yenu imelowa," akasema, akarudi kwenye jiko lake.

Treni ilipofika ilitukuta tunagombania viatu.

Hasira yangu haijapoa, na si kwa mhudumu peke yake. Mheshimiwa mgeni rasmi, najua utaisifia sakafu ile. Kabla hujaisifia, jua jambo moja: huku kwetu, msimu wa mvua, chumba cha abiria kisicho na tope ni chumba ambacho abiria hajaruhusiwa kuingia.