Suti Kavu na Baridi ya Ashkhara

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu mliokuja leo hapa Nizwa. Naona wengine mmekuja na watoto wenu, na wengine mmebeba maumivu yenu wenyewe. Mniwie radhi nitazungumza nimekaa, nyonga yangu haipendi kusimama.

Jina langu Rayya. Nimezaliwa Ibra. Baba yangu asili yake Samad Ash Shan, mama yangu mtu wa Unguja, amekuja Oman yeye na baba wakiwa wameshaoana, mimi bado sijazaliwa. Nyumbani tukisema Kiswahili, nje Kiarabu. Nasomesha Kiingereza chuoni.

Tangu mdogo nikiumwa na mifupa. Msimu wa baridi ukiingia, mapaja na mikono inaniuma mpaka nalia. Mama ananikanda kwa mafuta ya habasoda, ananifunga shali, ananambia, "Baridi yabisi hiyo, mwanangu. Itakutoka ukikua." Maumivu yanakuja, yanakwenda. Sikujiona mgonjwa.

Nilipomaliza skuli nikapelekwa kusoma Uskochi. Huko nikajifunza mchezo mmoja: unasimama juu ya ubao baharini, kiunoni umejifunga kamba za tiara kubwa, upepo unalivuta tiara na tiara linakuvuta wewe. Mimi binti wa Ibra, nyumba yetu imezungukwa na majabali, nikaupenda mchezo wa bahari kuliko chakula.

Bahari ya Uskochi ni barafu tupu. Mwalimu wa mchezo alinitolea suti mbili nichague. Moja ni ya mpira unaobana mwili. Maji yanaingia kidogo, yanakaa baina ya mpira na ngozi, na mwili wako ndio unaoyapasha moto. Ya pili ni pana, haiingizi maji kabisa. Ina zipu nzito kifuani, na shingoni na mikononi ina mipira laini inayoziba. Ndani unavaa nguo zako za joto, na unatoka baharini soksi zako kavu. Nilichagua hii kavu, kwanza kwa ajili ya sitara, maana haichori mwili. Basi miaka yote niliyokuwa kule sikuumwa mifupa hata mara moja baada ya bahari. Nikasema moyoni, ile baridi yabisi imeshanitoka kama alivyosema mama.

Nikarudi nyumbani, nikaolewa na Hilal, mtu wa Sur, fundi wa mitambo. Nikamfundisha mchezo wangu. Kila ukifika msimu wa kharifu, upepo wa kusi unapovuma, Ibra watu wanaungua kwa joto, sisi tunashika njia ya Jalan mpaka Ashkhara, pwani. Mnaijua Ashkhara wakati huo. Upepo unakupiga mpaka unatafuta sweta, na bahari inapandisha maji ya baridi kutoka chini.

Suti yangu kavu nilikuwa nimeiweka stoo, juu ya dari. Siku naitoa, joto la Ibra limeshaila ile mipira ya shingoni na mikononi. Niliivuta kidogo tu ikachanika kama ganda la kitunguu. Nikaenda Maskati kutafuta nyingine. Muuza duka akanitazama akacheka. "Suti kavu, hapa Oman? Utajichemsha, dada yangu." Hilal naye akasema, "Maji yetu si ya Uskochi, Rayya." Maneno yao yalikuwa na akili. Nikanunua suti nyembamba ya mpira.

Siku ya ajali yenyewe tuko Ashkhara, mchana, upepo mkali. Nilikuwa mbali kidogo na pwani kamba moja ya tiara ikakatika. Tiara likaanguka majini na mkondo ukanichukua. Nikaukumbatia ubao nikaanza kupiga miguu. Kila wimbi linalonipiga linatoa maji niliyokwisha kuyapasha moto ndani ya suti na kuingiza mapya ya baridi. Namuona Hilal ufukweni anapunga mikono, lakini mawimbi yalikuwa makubwa, hakuna aliyeweza kushusha mashua. Nilipiga miguu mpaka sikuihisi tena.

Nilipofika mchangani midomo haifunguki. Meno yanagongana, vidole vimekuwa rangi ya majivu. Hilal akanivua ile suti, akanifunika kwa kanzu yake ya dishdasha na blanketi la gari. Nikacheka nikamwambia ni baridi tu, itapita.

Tulikuwa hatujafika Jalan Bani Bu Hassan maumivu yakaanza. Yalianzia mapajani, kama mtu yumo ndani ya mfupa anasaga kwa jiwe. Yakapanda kiunoni, mgongoni, mabegani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilijikojolea garini, na sikuona haya, maana haya inataka nafasi na mimi nafasi hiyo sikuwa nayo. Hilal anaendesha huku anasoma Ayatul Kursi, na kila akifika mwisho anaanza upya. Tulipofika hospitali Sur kifua kimeshabana. Kila pumzi inachoma kama kisu, na macho yamegeuka manjano.

Daktari wa damu alikuwa mwanamke, familia yake imetoka Bujumbura, anasema Kiswahili cha bara. Alisubiri mama afike kutoka Ibra ndipo akatuelezea. Mimi nimelala na mpira wa hewa puani, nasikia kila kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu ana nini?"

"Damu yake ina selimundu. Chembe za damu zinatakiwa ziwe za mviringo. Zake nyingine zinapinda kama mundu, hasa akipata baridi kali, akichoka sana au akikosa maji ya kunywa. Zikipinda zinaziba mishipa. Ndiyo maumivu hayo, na sasa yameingia mapafuni."

"Si baridi yabisi?"

"Hapana, mama. Amezaliwa nayo. Aina yake si ile kali kabisa, ndiyo maana imejificha mpaka leo. Kuna mtoto wako mwingine aliyewahi kuumwa mifupa? Aliyekuwa na macho ya manjano?"

Mama aliivuta leso yake, akaikunja, akaikunjua.

"Nassor," akasema. "Kaka yake, mkubwa kwake. Alifariki mdogo bado, hata hajaanza chuo cha Kurani. Vidole vilikuwa vikimvimba. Wakanambia ni homa."

"Pole sana, mama."

"Nikimwogesha kwa maji ya baridi. Kila asubuhi, homa ishuke. Alikuwa akilia sana, nikimshika kwa nguvu."

Daktari akainama akamshika mikono. "Hukujua, mama. Hakuna aliyekwambia."

Mimi nilikuwa nalilia mifupa yangu, na tangu dakika ile sikujua tena ninalilia nini.

Walinipeleka Maskati, wakanitoa damu yangu na kunitia ya watu wengine. Kifua kikapona. Nikarudi Ibra nikidhani nimevuka. Kumbe nyonga ya kushoto haikuacha kuuma. Wakaipiga picha. Daktari akasema kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu, kimekufa. Alitumia neno hilo hilo, kimekufa. Nilikuwa sijafika hata thelathini, na ndani yangu kuna kitu kimetangulia kufa.

Nikatembea kwa magongo. Nikasali juu ya kiti. Ngazi za chuo zikanishinda, nikaacha kazi. Hilal akapimwa damu, akaonekana naye amebeba ule ugonjwa bila kuumwa. Tulikuwa tunatafuta mtoto. Daktari akatwambia kila mimba itakuwa nusu kwa nusu, mtoto mgonjwa au mtoto mzima, na kwangu mimi kubeba mimba ni hatari. Hilal alitoka nje. Nikamuona kupitia dirishani amekaa ndani ya gari, hakuliwasha.

Siku moja nikamwambia, "Oa mwengine, Hilal. Nakupa ruhusa."

Akasema, "Nishakusikia. Kula wali wako."

Niligeukia ukutani. Sikutaka wageni, sikutaka redio, sikutaka kuchanwa nywele. Mama akawa anapasha moto kila tone la maji linalonigusa, hata ya kunawa mikono, hata katikati ya kiangazi. Nilimuomba Mungu anichukue. Nasema wazi, kwa sababu nadhani humu ndani yumo anayeomba hivyo sasa hivi.

Mungu hakunichukua. Nilitiwa nyonga ya chuma. Nilijifunza kutembea kama mtoto, nikishika kuta. Mtaalamu wa mazoezi akasema kutembea ndani ya maji kungenisaidia, lakini maji ya baridi nisiyaguse. Ndipo Hilal akaagiza suti kavu kutoka ng'ambo, bila kuniambia. Ilipofika nilimkasirikia. Daktari akaiangalia, akaikubali kwa masharti: sweta na soksi za sufu ndani, maji ya kunywa mengi, muda mfupi, na nikihisi dalili yoyote nitoke.

Tiara sikulishika tena. Mtoto sina. Maumivu yanarudi mara kwa mara na kunilaza hospitali. Sitawadanganya kwamba nimepona kama mtu anavyopona mafua. Lakini natembea, nimerudi kusomesha, na kila siku nawaombea watu nisiowajua waliotoa damu yao ikaingia mwilini mwangu. Ninyi nawaomba mpime damu, na muwapime wanaotaka kuoana kabla ya kuoana. Mtoto akilia mifupa, msimwambie ni baridi yabisi. Mfunikeni, mpeni maji anywe, mpelekeni hospitali. Na kama mwili wako unataka nguo kavu, vaa nguo kavu, hata nchi nzima ikikucheka.

Siku ya kwanza kuingia majini kwa suti ile ilikuwa Sur. Hilal alinishika mkono tukatembea mpaka maji yakafika kiunoni, tukarudi. Mama alikuwa akitungoja mchangani na chupa ya chai. Akafungua ile zipu mwenyewe, akatia mkono ndani, akaipapasa sweta yangu tumboni, begani, kwapani. Yote kavu.

"Na za watoto wadogo, wa kimo cha Nassor," akaniuliza, "wanatengeneza?"

Nikamwambia wanatengeneza.

Akanifunga zipu yangu taratibu mpaka juu, kisha akakaa chini akatugeuzia mgongo.