Kipande cha Jua Uani

Anayepita mtaani kwetu pale mjini Arusha haoni bustani hata moja. Anaona vibaraza vya saruji, cherehani za mafundi, na milango ya mbao iliyopakwa rangi juu ya rangi. Mpaka akaribishwe ndani, apite ukumbi wenye giza hata mchana, atokee uani, ndipo atakapojua kwamba watu wa mitaa hii ya zamani wana mashamba. Mashamba yenyewe yamo kwenye madebe, mabeseni yaliyotoboka, ndoo za rangi na matairi. Wageni wanaosema mji wetu umebaki saruji tupu huwa wananichekesha. Wameishia barazani.

Uani kwa mama yangu kuna bustani mbili, kwa sababu nyumba mbili zimepeana mgongo na zinachangia ua mmoja. Mama ni Mmeru, mjane. Upande wake anaotesha mnafu na vitunguu majani, na kwenye kona lipo shina la masale, mmea wa majani marefu, alilokuja nalo kutoka kwao mlimani alipoolewa. Upande wa pili ni wa jirani yake, mjane pia, aliyeletwa Arusha na ndoa akitokea Tanga. Yeye ana rehani, mchaichai, na asumini ambayo haijawahi kupatana na baridi yetu ya Julai. Kila mwaka inanyong'onyea, na kila mwaka anaifunika kwa kanga kama mtoto mwenye homa. Wanawake hao wamelea watoto wao pamoja hapo. Mimi, mtoto wa Kilutheri, nimekula futari ya jirani miaka yote ya utoto wangu na hakuna aliyeniuliza nimefunga au sijafunga.

Kisha likajengwa ghorofa ng'ambo ya ukuta, nyumba ya wageni, na ua ukapoteza jua. Kilichobaki ni kipande cha ukubwa wa mkeka, kinachoingia asubuhi na kuondoka mara baada ya adhuhuri. Watu waliowahi kugawana chumvi, mkaa na misiba wakashindwa kugawana jua. Ilianza kwa debe moja la mnafu kusogezwa kivulini. Kesho yake likasogezwa debe la asumini. Halafu yakaja maneno. Mama aliambiwa anaua ua la watu kwa sababu ya mboga inayojaa sokoni; jirani akaambiwa asumini hailiwi na ugali. Wanasema vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini hivi viligongana na kila kimoja kikarudi kabatini kwake. Wazee wazima wakanuniana kama watoto wa chekechea.

Mimi ninaishi Olmotonyi, huko juu kwenye miti na ukungu. Nilikuwa nimemjengea mama chumba chenye dirisha linalotazama mlima, na kila nilipomwita alinijibu, "Nitakuja, mwanangu, ngoja kwanza mnafu ukomae." Mnafu haukukomaa kamwe. Basi waliponuniana, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimpigia simu kila jioni, nikamsikiliza akilalamika, na nilipokaribia kuagana nikamwambia, "Huku jua ni lako peke yako, mama." Nilimtaka nyumbani kwangu. Nilitaka kuamka nimsikie akikohoa chumba cha pili. Jioni moja akasema, "Haya, njoo Jumamosi na gari." Nikanunua pazia jipya.

Jumamosi nikafika na pikapu ya kukodi. Nikapita ukumbini, nikatokea uani, nikawakuta wote wawili wamekaa kwenye mkeka mmoja, juani, wanachambua mnafu.

"Shikamooni," nilisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Marahaba, mwanangu," waliitika pamoja.

Mama aliniita jikoni. Hakunieleza mengi. "Alhamisi nilifungua mlango nikakuta masale kizingitini," alisema. "Unajua isale halikataliwi." Nilijua. Kwa Wameru, kama kwa jirani zao Wachaga, anayekuletea jani la isale anakuomba msamaha, na hata kama kosa lake ni la damu, unalipokea na kesi imekwisha. Mama alikuwa amechemsha chai ya maziwa akampelekea jirani yake, wakanywa. Nilijiuliza tu mwanamke wa Tanga alijifunzia wapi mambo ya mlimani.

Jibu nililipata mama alipokwenda kuchota maji. Jirani alinivuta mkono, akanong'ona.

"Mwanangu, mama yako ni mtu wa peponi. Yale majani yake yalikuwa yameziba jua la asumini yangu. Nikapandwa na hasira, nikashika kisu, nikayafyeka. Lakini mali ya mtu ni mali ya mtu, nikamwekea mlangoni pake ayaone, kama ni kugombana tugombane. Nikakaa nangoja matusi. Mwenzangu akaja na chai! Nikaona aibu, nikalia mbele yake."

Niliangalia ile kona. Kweli, shina lilikuwa limenyolewa, limebakiwa na majani machache juu. Kwa hiyo hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Sentensi moja tu kutoka kwangu, na pikapu isingerudi tupu. Sisemi kwamba sikuitaka sentensi hiyo. Ilikuwa tayari mdomoni nilipomfuata mama kwenye kona yake, alikokuwa anamwagilia masale kwa kikombe.

"Mama, yale majani ya Alhamisi..."

"Yalikatwa kwa kisu," alisema bila kugeuka. "Kwa hasira. Isale la msamaha hufungwa fundo. Yale hayakuwa na fundo hata moja."

"Ulijua? Sasa mbona ukampelekea chai?"

"Nilikuwa nimechoka kununa. Natafuta njia ya kwenda kwake siioni. Nikafungua mlango, nikaikuta."

Niliumia kuliko nilivyotegemea. Sauti ilinitoka kama ya msichana wa shule. "Na chumba changu, mama? Na dirisha?"

Aliweka kikombe chini, akanitazama sana. "Kwako ni kuzuri, mwanangu. Lakini kwako sina wa kugombana naye. Wewe unakwenda kazini, mimi ninabaki kutazamana na mlima."

Kule mkekani jirani alipaza sauti kwamba jua linahama, tulete madebe. Nje dereva alipiga honi. Mama hakumjali yeyote kati yao. Alinyoosha mkono juu ya shina, akachuma jani moja kati ya yale machache yaliyobaki. Alilikunja, na kwa vidole vyake vigumu vya baridi yabisi akaanza kulifunga. Lilimponyoka, akaanza tena. Nilitaka kumsaidia, kisha nikaelewa kwamba hilo haliwezi kufungwa na mtu mwingine.

Fundo lilipokaza, akaninyooshea jani.

Nilifuta mikono yangu kwenye sketi, nikalipokea kwa mikono miwili.